Ukuta wa Hondohondo

Kama ilivyo desturi yao, hondohondo jike alijiziba kwa udongo ndani ya shimo la mti ili aatamie mayai, akaacha upenyo mdogo tu. Mumewe akawa anamlisha matunda ya mkuyu kupitia hapo.

"Mume wangu, nawe umekula?"

"Nimeshiba," alijibu, naye ana njaa. Ukame ulikuwa mkali, na hakutaka kumtia wasiwasi.

Siku moja hakuja. Mke akabomoa ukuta, akamkuta chini ya mti, hoi kwa njaa.

"Mbona hukuniambia?"

Akarudi shimoni mbio, akaleta matunda aliyokuwa akiyarundika nyuma yake. Mengi yalishaoza.

"Yalinishinda kuyamaliza," alilia. "Niliogopa kukwambia, usije ukavunjika moyo."

Akachagua moja zima, akamtia mdomoni. Mume hakuwa tena na nguvu ya kulimeza.