Swali la Tisa

Mwanasaikolojia alikuwa akikusanya madodoso darasani alipoiona karatasi ya binti mmoja wa miaka kumi na tano. Kwenye swali la tisa, lililouliza kama amewahi kutamani kufa, neno "hapana" lilikuwa limefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi ikatoboka.

"Daktari, shule ya mwisho inatungoja," msaidizi wake alinong'ona. "Tukiikosa leo, utafiti wetu wa miaka sita umekwenda na maji."

"Acha uende."

Wanafunzi wengine walipotoka, mwanasaikolojia akaketi sakafuni kando ya dawati la binti, sketi yake nadhifu ikajaa vumbi la chaki. Akaiweka ile karatasi kati yao. Alisubiri.

"Shangazi," binti akamwita kwa heshima, "nikikwambia, utamwambia mama yangu?"

"Tutamwambia pamoja, mwanangu. Nitakuwa nimekushika mkono."

Binti akavuta pumzi, akaanza kusema.