Swali la Nyongeza la Nungunungu

Simba alipoligawia kila bonde serikali yake, wanyama wa Bonde la Mtama walimchagua Nungunungu awe mjumbe wao barazani, kwa kuwa hakuna aliyejua kuuliza maswali makali kama yeye. Na kila alipouliza, alijitikisa kwa hasira hadi miiba yake ikagongana.

Siku moja alimsimamisha Korongo, waziri wa afya na usalama.

"Mheshimiwa Waziri, wananchi wangu wa vijijini wanachomwa miguu njiani kila wiki. Zahanati imefurika. Je, serikali imelala?"

"Haijalala, Mheshimiwa," Korongo akajibu kwa upole. "Tumeichunguza miiba yote iliyotolewa miguuni mwao."

Akafungua kifurushi mezani. Miiba ilikuwa mirefu, yenye mistari myeusi na myeupe.

"Hupatikana zaidi pale unapohutubia."

Baraza zima likamgeukia Nungunungu. Uso ulimwaka kwa aibu, lakini alikuwa bado amesimama, na kukaa kimya hakukujua.

"Swali la nyongeza," akasema kwa sauti ndogo. "Serikali itamchukulia hatua gani mjumbe huyo mpumbavu?"

Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, akijizuia sana asijitikise.

Alasiri akaenda zahanati kuwaomba wagonjwa radhi. Muuguzi Digidigi alimzuia mlangoni.

"Karibu sana, Mheshimiwa, ila zungumza nao ukiwa hapo dirishani."

Alipokwisha kuomba radhi, bibi Kanga, mguu umefungwa bendeji, akamuuliza kwa wasiwasi, "Utakuja lini kutuhutubia tena, baba?"

"Nitawaandikia barua," akasema Nungunungu.