Mpilipili wa Kibarazani

Baba alichomeka kidole kwenye udongo wa ndoo ya mpilipili, kikazama hadi pingili ya pili. Kilitoka na tope.

Hakuelewa. Siku waliyompeleka binti yao hospitali, alichomeka kwenye kila ndoo ya kibarazani chupa ya maji kichwa chini, kifuniko kimetobolewa, ili mimea ijinyweshe yenyewe kwa siku nne. Sasa walikuwa wamerudi baada ya siku kumi na tisa, wawili tu. Kwa jua lile mchicha ulikuwa umekauka kama karatasi, na mnanaa hautamaniki. Mpilipili wa binti peke yake ulikuwa kijani kibichi, umezaa.

Mzee fundi viatu wa ghorofa ya chini alipanda ngazi akihema, jagi la maji mkononi.

"Kumbe mmerudi, wanangu. Ndoo zote sikuziweza, magoti yananisumbua. Lakini mpilipili huu binti yenu aliniachia mwenyewe. Aliniambia, 'Babu, asubuhi na jioni, usiruke hata siku moja.' Na sijaruka." Akachungulia ndani kupitia mlango uliokuwa wazi. "Yuko wapi mwenye mali? Aje achume."

Baba alijifuta tope kidoleni.

Mama akampokea mzee lile jagi. Akapiga magoti, akamimina polepole kuzunguka shina, mpaka maji yakachuruzika kwenye tundu la chini na kulowesha gauni lake. Hakuacha kumimina.

Fundi viatu akavua kofia.