Mgeni Aliyeuliza Habari za Marehemu

"Na dada yako, yeye aliondoka kwa ugonjwa gani?"

Cherehani ya Générose ikanyamaza. Kwanza mgeni alimuuliza kuhusu mama yake, sasa dada. Mama mtu mzima haelezwi mara mbili.

Baada ya wiki mbili ukoo wa kijana Valens ungekuja kumposa Christella, binti yake wa pekee. Na wakwe wenye akili hutuma mtu kwanza: mwanamke mpole, viatu safi, daftari mkobani, aje anuse kama kwao binti kuna kifafa, wazimu, au kitu kinachomaliza wanawake.

Kitu kilikuwepo. Kilianza na titi la mama, kikaja la dada. La Générose mwenyewe lilibaki hospitali huko Bujumbura, Christella akiwa mchanga. Akajishonea la kitambaa, na fundi wa mtaa wa Biryogo hashoni ovyo: hata binti hajui mpaka leo.

"Ajali ya pikipiki," akajibu.

"Pole sana. Na mama?"

"Malaria. Mbu wa zamani, mwanangu, hawakuwa na adabu."

Mgeni akaandika. Alikuwa amejitaja jina tu, Uwizeye, na alipoanza kusema anakotoka, Générose alimkata: "Najua unakotoka."

Macho ya mgeni yakateremka kifuani. Générose akakaa wima kama askari wa gwaride.

"Wewe mwenyewe hujawahi kuugua?"

"Ugonjwa wangu ni kula."

"Mama Christella, niambie kweli. Ni kwa faida ya binti."

"Faida ya binti naijua mimi niliyemzaa. Waambie waliokutuma: kwetu wanawake wakikosa mbu na pikipiki, wanakufa kwa uzee."

Uwizeye akafunga daftari, akatabasamu mpaka meno ya nyuma. Générose akashangaa. Tangu lini mpelelezi wa wakwe akafurahi kukosa kitu?

Jioni Christella akaingia mbio kutoka kazini, akamrukia shingoni.

"Mama, sikukwambia, nisikutie hofu! Siku zote nilidhani bibi na mama mdogo waliuawa na saratani. Nikaomba hospitali kipimo cha damu, kile cha kuonyesha kama nimeirithi. Nafasi ni chache, lakini leo nesi wao Uwizeye amewapelekea majibu yako, wakaona sina haja ya kupimwa. Nafasi yangu wamempa mtu mwingine."