Swichi ya Jiko

Kwa mara ya tatu Saumu, kiongozi wa wazamiaji, alimwonyesha Mzee Faki kipimo cha hewa na kumwashiria wapande. Kwa mara ya tatu mzee akampa mgongo, akaendelea kukwangua kutu kwenye jiko la ile meli iliyozama, meli aliyoipikia miaka kumi na tisa. Saumu akachoka naye. Akamkamata mkanda wa mtungi, akamkokota hadi juu.

"Mzee, unanitafutia kesi!" alifoka walipoingia botini. "Hewa inakwisha, wewe unasugua jiko?"

"Nisamehe, mwanangu. Walisema moto ulioizamisha ulianzia kwangu, kwamba sikuzima jiko."

"Na ulizima?"

"Miaka yote naapa nilizima. Siku hizi hata mimi sina hakika. Nilitaka kuona swichi imeelekea wapi."

"Basi ungeniambia! Umeiona?"

Mzee akafumbua kiganja. Swichi ilikuwa humo, imekatika pale Saumu alipomvuta.

Saumu aliichukua. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akitafuta alama yoyote ya kuonyesha ilikuwa imeelekea wapi, maji ya kutu yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.