Glasi ya Ijumaa

Kila Ijumaa saa nne, mhandisi wa mtambo wa kusafisha maji taka alikunywa glasi nzima mbele ya watu, na kila Ijumaa watu walisubiri aanguke.

Leo ilikuwa ya mwisho. Baada ya glasi hii wakazi wangepiga kura: ama maji ya mtambo yaingie majumbani, ama mtambo ufungwe na mhandisi akatafute kazi kwingine. Mbele kabisa, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, alikaa mpinzani mkuu wa mradi, mama mkwe wa mhandisi. Nyumba yake ilipakana na mtambo, na kwa miezi sita alikuwa akimtangazia kila mpita njia kwamba maji yaliyopita chooni hayatapita kooni mwake.

Mhandisi naye alikuwa na lake la kuficha. Hakuwa amewahi kuyaonja. Vipimo vyote aliviamini. Tumbo ndilo lililokataa katakata. Jagi lililotoka ofisini kila Ijumaa lilijazwa kutoka kwenye dumu ambalo mkewe alilijaza kwenye pipa la mama yake, maji safi kabisa ya kisima.

Aliponyanyua glasi, mama mkwe akanyanyua mkono.

"Lete hapa, mwanangu. Leo nakunywa mimi."

Mhandisi nusura acheke kwa furaha. Akamkabidhi glasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Mama akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo.

"Nimekubali," akasema. "Hayana tofauti na ninayokunywa nyumbani."

Mikono yote ikaenda juu. Mtambo umepona! Wajumbe wa baraza, waliokuwa wamejificha nyuma, sasa nao wakataka glasi, na jagi lilikuwa tupu. Mhandisi akawaomba subira, akachukua dumu, akakata mbio hadi uani kwa mama mkwe.

Pipa lilikuwa limekauka. Akashusha ndoo kisimani. Ikagonga chini, ikapanda na mchanga mkavu.

Ndipo alipouona mpira wa kumwagilia ukining'inia mdomoni mwa pipa. Akaufuata. Ulipita kwenye ua, ukapenya tundu la ukuta, ukaishia kwenye bomba la nyuma ya mtambo, umekazwa kwa kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, chini ya kibao alichokiandika mhandisi kwa mkono wake: MAJI YA MTAMBO. YA MAUA TU.