Mkono wa Heshima

"Baba mdogo, daktari anataka jibu moja tu," Mwanakheri alisema, bahasha yenye picha ya ubongo wake ikiwa mapajani. "Mishipa yangu midogo ya kichwani inaharibika, na anashuku ni ugonjwa wa kurithi. Nani kwetu alipata kiharusi?"

"Hakuna."

"Baba je?"

"Siku zake zilifika."

"Na babu?"

"Amri ya Mungu. Mbona unafukua makaburi, mwanangu?"

Mwanakheri alimeza hasira, akageukia ukutani. Kwenye picha ya zamani babu na baba yake walisimama bega kwa bega, kila mmoja ameushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia. Ndivyo watoto wote wa ukoo ule walivyofundishwa kusimama mbele ya wageni. Ndiyo heshima yao, waliambiwa.

Alisogea karibu. Vidole vya babu, vile vya kushoto, vilining'inia kama kitambaa kilicholowa.

Alipogeuka, baba mdogo alikuwa amesimama kumuaga, mikono yake imeshikana vilevile.

"Hebu uachie huo mkono," Mwanakheri alisema.

Mzee akatazama mlango, akazidi kuukaza ule mkono wa kushoto.